Nusu saikolojia, nusu jenetiki ya usikivu: orodha ya machapisho ya mtafiti isomweje?

Swali limetoka kwa mama ambaye mwanawe wa miaka minne alizaliwa na upungufu mkubwa wa usikivu. Familia imealikwa kushiriki katika utafiti ambao utachukua damu ya mtoto na ya wazazi wote wawili ili kuchunguza jeni, na pia utawataka wazazi wajaze madodoso kuhusu msongo wa mawazo, huzuni na maisha ya nyumbani. Mama alitafuta orodha ya machapisho ya mtafiti mkuu, akakuta makala zipatazo 60: karibu nusu ni za saikolojia ya kitabibu, na zilizobaki ni za jenetiki ya usikivu. Anauliza: "Daktari, mtu anaweza kweli kuwa mtaalamu wa mambo mawili yaliyo mbali hivi, au huyu anarukaruka tu? Mimi si mwanasayansi. Niisomeje orodha kama hii kabla sijakubali mwanangu atolewe damu?"

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla hujatia sahihi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu watu wengi huhesabu orodha ya machapisho badala ya kuisoma. Ndiyo, mtu anaweza kuwa mtaalamu wa kweli wa nyanja hizo mbili, na watu wa namna hiyo wapo. Hata hivyo, orodha iliyogawanyika nusu kwa nusu inaweza kutokana na mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Huenda ni watu wawili wenye jina moja ambao hifadhidata imewachanganya; huenda ni mtu mmoja aliyeacha kazi moja akahamia nyingine; au huenda ni mtu mmoja mwenye swali ambalo halijibiki kwa kutumia nyanja moja peke yake. Unachotakiwa kujua ni yupi kati ya hao anayetaka damu ya mwanao.

Nianze na huyo wa tatu, kwa kuwa bila kumwelewa utadhani nyanja hizi ziko mbali kuliko zilivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika chumba kidogo cha kliniki wakati wazazi wawili, wote wenye kusikia vizuri, walipopewa majibu ya kipimo cha mtoto wao. Mtoto alikuwa amerithi badiliko liitwalo 35delG, katika jeni ya GJB2, kutoka kwa mama na kutoka kwa baba. Ukilitazama kwenye karatasi ni badiliko dogo mno: katika mfuatano wa vinasaba (DNA) vya jeni hiyo, ambao wanasayansi huuandika kwa herufi, kuna mahali ambapo herufi G hujipanga mara sita mfululizo, na kwa mtoto huyo zilikuwa tano. Ikikosekana herufi moja, usomaji wa zote zinazofuata hupotoka, na protini iitwayo koneksini 26, ambayo hujenga vijia vya kupitishia potasiamu na vitu vingine kati ya seli za sikio la ndani, haitengenezwi inavyopaswa. Daktari aliyaeleza hayo vizuri kabisa, kisha akaongeza kwamba katika kila ujauzito ujao uwezekano wa kupata mtoto mwenye hali hiyohiyo ni 25%. Baba akauliza, "Kwa hiyo imetoka kwangu au kwake?" Daktari akarudia kwamba ni 25%. Wakati huo mama alikuwa akiikunja ile karatasi, akaikunja tena, na tena, hadi ikatoshea ndani ya ngumi yake.

Swali la baba halikuwa la hesabu. Jibu lake la kijenetiki ni rahisi, yaani imetoka kwao wote wawili kwa kiasi kilekile, na kila mmoja wao alikuwa na nakala nyingine nzima ya jeni iliyomfanya asikie bila kujua chochote. Lakini jinsi ya kulisema jibu hilo, lini, na mbele ya nani, ili wazazi wasitoke chumbani kila mmoja akiwa amebeba hatia yake peke yake, ni suala la saikolojia ya kitabibu. Mtafiti aliyewahi kukaa katika chumba kama kile anaweza kutumia miaka 20 ya kazi yake akienda na kurudi kati ya maabara na chumba cha ushauri, na orodha yake ya machapisho itakuwa na sura hiihii inayokutia shaka.

Historia ya jenetiki ya usikivu inaonyesha kwa nini njia hizi mbili zimekutana. Uhusiano wa GJB2 na uziwi wa kurithi ulitangazwa mwaka 1997, na tangu hapo jeni zinazohusishwa na upungufu wa usikivu usioambatana na dalili nyingine zimepita 100. Zaidi ya nusu ya uziwi wa kuzaliwa nao huhesabiwa kuwa na asili ya kijenetiki katika nchi ambako maambukizi ya wakati wa ujauzito na ya utotoni yamepungua, na sehemu kubwa ya huo hurithiwa kama ilivyokuwa kwa familia ile: wazazi wanasikia, ukoo mzima haukumbuki kiziwi hata mmoja, kisha mtoto anazaliwa. Kwa hiyo jibu la maabara huingia katika nyumba ambayo haikujiandaa.

Upo pia ugonjwa wa Usher, ambao mtoto huzaliwa na upungufu wa usikivu kisha, kadiri anavyokua, uwezo wake wa kuona hufifia. Jeni ya kwanza kujulikana kwa aina ya kwanza ya ugonjwa huo, MYO7A, ilitambuliwa mwaka 1995. Fikiria kinachotokea sasa: kipimo cha damu kinaweza kumweleza mzazi wa mtoto wa miaka miwili, anayekimbia na kuona vizuri, kwamba macho yake yatadhoofika siku za usoni. Mzazi huyo afanye nini na habari hiyo? Amwambie nani, na mtoto mwenyewe aambiwe akiwa na umri gani? Maswali hayo yameletwa na jenetiki, lakini jenetiki peke yake haina zana za kuyachunguza. Ndivyo ilivyo pia kwa tiba mpya. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la China ambamo watoto 6 wenye uziwi utokanao na jeni ya OTOF walipewa tiba ya jeni katika sikio la ndani, na usikivu wa 5 kati yao ukaimarika. Ni habari kubwa na ya kweli. Lakini jeni hiyo inahusika na sehemu ndogo tu ya uziwi wa kurithi, na mtu anapaswa kuchunguza matumaini hayo yanawafanyia nini wazazi ambao tatizo la watoto wao liko katika jeni nyingine.

Sasa turudi kwenye orodha yako. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni ya mtu mmoja. Hifadhidata nyingi za makala hutambua waandishi kwa jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina la kwanza, na PubMed, inayotumiwa zaidi katika tiba, ilianza kuhifadhi majina ya kwanza kwa ukamilifu kwa makala za kuanzia mwaka 2002. Kwa makala za zamani, au zilizokusanywa na programu isiyo makini, watu wawili wenye ukoo mmoja na herufi moja huweza kugeuka mtu mmoja. Na kinyume chake hutokea: mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa huweza kuonekana watu wawili. Tafuta kama mtafiti wako ana namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2012 ili kuondoa mkanganyiko huu. Orodha iliyounganishwa na namba hiyo inategemeka zaidi, ingawa nayo hutegemea mwenyewe kuitunza. Kama hana, angalia vyuo vinavyotajwa chini ya jina katika makala za pande zote mbili, anwani ya mawasiliano, na waandishi wenza. Mtu mmoja huacha nyayo: mwanajenetiki aliyeandika naye makala ya jeni mwaka huu ataonekana tena katika makala ya wasiwasi na huzuni miaka miwili baadaye. Ukikuta makundi mawili ya waandishi wenza ambayo hayakutani hata mara moja, katika vyuo viwili tofauti, katika miaka ileile, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba unatazama watu wawili, na mmoja wao hahusiki kabisa na mwaliko uliopewa.

Ukisharidhika kwamba ni mtu mmoja, panga makala kwa miaka badala ya mada. Mtu aliyehama huacha alama ya wazi: miaka kumi ya saikolojia, pengo au makala mbili tatu za mpito, kisha jenetiki tupu. Hilo si kosa, watu hubadilisha njia. Lakini katika hali hiyo umahiri wake wa sasa upimwe kwa sehemu ya pili tu ya orodha, na makala za zamani zisikuongezee imani isiyostahili. Mwenye swali moja huonekana tofauti. Makala zake huitana. Makala ya uchunguzi wa jeni katika familia kadhaa hufuatwa na makala kuhusu jinsi familia hizohizo zilivyopokea majibu, na baadaye huja makala inayopendekeza namna bora ya kuyatoa. Hapo ndipo ninapomwamini mtu, kwa sababu kazi yake ya pili inawajibika kwa matokeo ya kazi yake ya kwanza.

Hapa nikuonye kuhusu ile hesabu yako ya nusu kwa nusu, ambayo nadhani umeipata kwa kutazama majina ya majarida. Jina la jarida hupotosha. Mwaka 1998, jarida la American Journal of Human Genetics, ambalo ni la jenetiki kwa jina na kwa asili, lilichapisha utafiti wa Uingereza ambao haukuchunguza jeni hata moja: ulikuwa dodoso kwa watu 87 waliohudhuria mkutano wa jumuiya ya viziwi, na uliuliza wanaonaje kipimo cha kijenetiki cha uziwi. Asilimia 55 walisema kingeleta madhara zaidi kuliko manufaa, na asilimia 46 waliona kwamba matumizi yake yanawashushia viziwi thamani. Ule ulikuwa utafiti wa mitazamo na hisia, na ulichapishwa huko ili wanajenetiki wausome, nao walihitaji kuusoma. Kwa hiyo fungua muhtasari wa kila makala, usome sentensi inayoeleza kilichopimwa. Kama kilichopimwa ni damu na mfuatano wa vinasaba, iweke upande mmoja. Kama ni majibu ya watu, iweke upande mwingine. Na kama ni vyote viwili, iweke katikati, kwa sababu hizo za katikati ndizo utakazozisoma kwa makini zaidi.

Kisha tazama jina lake limekaa wapi. Katika nyanja zote mbili, kwa desturi, mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye aliyeongoza kundi. Walio katikati wamechangia kwa viwango tofauti, na katika makala za jenetiki orodha hiyo ya katikati huweza kuwa ndefu sana, kwa kuwa kila kliniki iliyopeleka sampuli huwa na mtu wake. Majarida mengi siku hizi huweka karibu na mwisho wa makala maelezo ya nani alifanya nini, na mfumo unaotumika sana una majukumu 14, kuanzia kubuni wazo na kukusanya data hadi kuandika rasimu na kutafuta fedha. Soma maelezo hayo. Ukikuta kwamba katika saikolojia yeye ni wa kwanza au wa mwisho, lakini katika jenetiki yuko katikati kila mara, na mchango wake umeandikwa kuwa ni kuwapata washiriki na kuwapima, umepata jibu la maana: huyu ni mwanasaikolojia anayeshirikiana na wanajenetiki. Hakuna aibu katika hilo, na pengine ndiye mtu bora wa kukaa na familia. Lakini hapo swali lako linahama. Utataka kujua ni nani katika kundi lake anayesoma majibu ya jeni, na mtu huyo ana machapisho gani.

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Tangu mwaka 2015 maabara nyingi hufuata mwongozo wa Marekani unaogawa mabadiliko ya jeni katika madaraja matano: yanayosababisha ugonjwa, yanayoelekea kuusababisha, yasiyojulikana maana yake, yanayoelekea kutokuwa na madhara, na yasiyo na madhara. Daraja la katikati ndilo linaloumiza watu. Mzazi huambiwa kwamba kuna kitu kimeonekana, na kwamba hakuna awezaye kusema kama ndicho chanzo. Nimeona mzazi akibeba jibu la namna hiyo kwa miaka, akiliamini kana kwamba ni hukumu, ingawa karatasi yenyewe haikusema hivyo. Kuamua badiliko liwe katika daraja gani ni kazi ya mwanajenetiki mzoefu, na kumsaidia mzazi aishi na jibu lisilo kamili ni kazi ya mwanasaikolojia mzoefu. Mtafiti anayedai kuzifanya zote mbili peke yake, bila jina la pili kando yake, hunitia wasiwasi hata kama orodha yake ni ndefu.

Kuhusu namba zinazoonyeshwa juu ya orodha, usizitegemee. Kuna kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni namba yenye manufaa yake, lakini haitofautishi mwandishi wa kwanza na wa arobaini, na makala moja ya ushirikiano mkubwa wa jenetiki huweza kuvuna manukuu mengi kuliko makala kumi nzuri za saikolojia. Pia haijui kama makala imenukuliwa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa.

Sasa nifike mahali ambapo mchanganyiko wa nyanja hizi mbili una hatari yake yenyewe, na ningependa ukae hapa kidogo. Saikolojia na jenetiki hazikubaliani kuhusu ni kiasi gani cha ushahidi kinatosha. Kwa desturi, mwanasaikolojia huona matokeo yana uzito pale uwezekano wa kuyapata kwa bahati tupu unaposhuka chini ya 0.05, yaani mara 5 katika 100. Mwanajenetiki anayepekua mamilioni ya sehemu za vinasaba kwa mara moja hawezi kutumia kigezo hicho, maana angepata matokeo ya bahati kwa maelfu; kigezo chake kwa tafiti za namna hiyo ni 0.00000005. Kila upande umejifunza kwa uchungu. Mwaka 2015 kundi la wanasaikolojia lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizowahi kuchapishwa katika uwanja wao: katika zile za awali asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, lakini ziliporudiwa zilibaki asilimia 36. Na mahali nyanja hizi mbili zilipogusana, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2003 utafiti uliotokana na watu 847 ulidai kwamba jeni moja inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, huchangia kuamua ni nani atakayepata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, baada ya misukosuko ya maisha. Ulinukuliwa mara maelfu, na tafiti nyingi ndogondogo zikajengwa juu yake. Mwaka 2019 wanasayansi walizipima jeni 18 zilizokuwa maarufu kwa madai ya aina hiyo, wakitumia data za watu hadi zaidi ya 400,000, na hawakupata ushahidi wa kuziunga mkono.

Nakueleza haya ili ujue cha kutafuta. Ukikuta katika orodha ya mtafiti wako makala inayosema kwamba jeni fulani moja huwafanya watu wenye upungufu wa usikivu wapate sonona au wasiwasi, na washiriki wake ni watu 60 au 100, iweke alama nyekundu. Si lazima awe mtu mbaya. Makala nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa nia njema wakati ambapo wengi waliamini njia hiyo. Tazama tarehe, kisha tazama alichoandika baadaye. Kama mwaka 2006 alidai, na miaka kumi baadaye akaandika kwamba dai lile halikusimama, huyo ningempa damu ya mwanangu. Kama bado anajenga juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea, ningerudisha fomu bila sahihi.

Usichanganye hilo na jeni za uziwi wenyewe, kwa sababu ushahidi wake ni wa aina nyingine. Badiliko la GJB2 haliongezi tu uwezekano kwa kiasi kidogo: mtu mwenye nakala mbili zilizoharibika hukosa protini inayohitajika, na uhusiano huo umethibitishwa tena na tena katika familia, katika maabara na katika wanyama. Upungufu wa usikivu unaokuja na umri ni habari nyingine tena. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu wapatao 250,000 katika hazina ya data ya UK Biobank ulionyesha sehemu 44 za vinasaba zinazohusiana na ugumu wa kusikia ulioelezwa na washiriki wenyewe, na kila sehemu huchangia kidogo. Mtafiti mzuri hueleza tofauti hii katika utangulizi wa makala zake, na asipoieleza, mimi humsoma kwa tahadhari.

Upande wa saikolojia nao una mtihani wake, na huu unaweza kuufanya hata bila kujua takwimu. Tazama ni dodoso gani alilotumia, na kwa lugha gani. Chukua PHQ-9, dodoso la maswali 9 linalotumika sana kupima sonona. Swali la nane linauliza kama mtu amekuwa akitembea au kuongea polepole kiasi kwamba wengine wamegundua. Mpe swali hilo kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya ishara, likiwa limeandikwa kwa lugha aliyojifunza shuleni tu: neno "kuongea" kwake lina maana gani? Atajibu kitu, jibu litaingia katika hesabu, na hesabu itachapishwa. Kwa sababu hiyo watafiti wa Uingereza walilitafsiri dodoso hilo katika Lugha ya Ishara ya Uingereza, wakalijaribu upya kwa watumiaji wa lugha hiyo, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Katika makala za mtafiti wako, angalia kama viziwi watu wazima wamehojiwa kwa ishara au kwa karatasi tu, na kama walishirikishwa katika kupanga utafiti. Mtu anayechunguza jeni za uziwi na afya ya akili bila kuwahi kuzungumza na viziwi kwa lugha yao amekosa nusu ya somo lake, haidhuru ana makala ngapi.

Angalia vilevile washiriki wake walikuwa watu wa wapi. Lile badiliko la 35delG ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya. Katika Asia ya Mashariki linalojitokeza zaidi ni 235delC. Nchini Ghana ni badiliko jingine la jeni hiyohiyo, R143W. Na katika sehemu nyingi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara GJB2 huchangia uziwi kwa nadra. Kama tafiti zake zote ni za watu wa asili moja na familia yako ni ya asili nyingine, kipimo chake kinaweza kurudi bila jibu, na ni haki yako kulijua hilo mapema.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Pengo la mwaka mmoja au miwili katika orodha si dalili ya lolote. Watu huugua, huzaa, huuguza wazazi wao. Makala za mapitio si za kudharauliwa, ila hazikuonyeshi kwamba mtu amewahi kukusanya data mwenyewe. Makala iliyowekwa hadharani kabla ya kukaguliwa na wataalamu wenzake isomwe kama rasimu. Makala iliyofutwa na jarida huwa na tangazo lake, na inafaa usome sababu, kwa kuwa mtafiti aliyeomba mwenyewe makala yake iondolewe baada ya kugundua kosa hafanani na yule aliyelazimishwa. Na kama amewahi kufanya jaribio la tiba, tazama kama lilisajiliwa hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuingizwa, jambo ambalo majarida makubwa ya tiba yamelidai tangu mwaka 2005.

Ukimaliza, chagua makala mbili, moja iliyo katikati ya nyanja zote mbili na nyingine ya miaka ya karibuni ambayo yeye ni wa kwanza au wa mwisho, uende nazo siku ya mazungumzo. Mwombe akueleze, kwa maneno ya kawaida, walipata nini na walikosea wapi. Muulize nani atakayesoma majibu ya jeni, na kama badiliko lisilojulikana maana yake litatolewa kwenu au litabaki kwenye faili, na kama litapitiwa tena ujuzi ukiongezeka. Muulize pia kama mtaambiwa jambo ambalo hamkulitafuta lakini linawahusu wengine. Tangu mwaka 1993 inajulikana, kwa mfano, kwamba badiliko moja la vinasaba vya mitokondria (visehemu vya seli vinavyotengeneza nishati), ambalo hurithiwa upande wa mama pekee, humfanya mtu awe katika hatari ya kupoteza usikivu akipewa antibayotiki za kundi la gentamaisini na streptomaisini. Likionekana kwa mwanao, ndugu zake, wewe mwenyewe, dada zako na watoto wao wanapaswa kujua kabla hawajachomwa sindano hizo.

Na muulize siku ya majibu itakuwaje: nani atakuwa chumbani, mtapewa muda gani, mtaruhusiwa kurudi baada ya wiki moja mkiwa na maswali, na kama mumeo akiuliza imetoka kwa nani, yeye atamjibu vipi. Akikujibu kwa asilimia peke yake, mwombe mtu mwingine awepo chumbani siku hiyo.